SOMO KWA MATAWI: KLABU YA VIJANA NA FUNGUO ZA SANDUKU



Katika somo hili tutazungumza juu ya klabu za vijana katika kambi zetu za mashamba na viwanda: kazi yake ni nini, na kwa nini nyingi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtu anaweza kuuliza, chama cha wafanyakazi na mpira wa watoto vinahusiana wapi? Tazameni mkutano wa tawi lenu. Wanaosema ni wale wale watano, na wote wamekwisha kuota mvi. Vijana wamesimama nje, wanachungulia dirishani. Ukimwita mmoja aseme, anacheka na kutazama chini. Hakuzaliwa mwoga. Ni kwamba tangu azaliwe hajapata nafasi ya kusema neno mbele ya watu, na neno hilo likaandikwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Kuongoza mkutano sikufundishwa na mwalimu, nilijifunza kwa kukosea. Kosa langu kubwa ndilo nitakaloanza nalo.

Mwaka 2013, katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, nilianzisha klabu ya vijana. Nilinunua mpira kwa fedha zangu, nikaomba kiwanja, na katika miezi miwili vijana wakafika 40. Kila mtu alinisifu, nami nilipenda kusifiwa. Nilikuwa mwenyekiti, nilikuwa mwalimu wa mpira, nilikuwa mwamuzi, na nilikuwa mweka hazina. Vijana walichanga shilingi 2,000 kila mmoja kwa ajili ya jezi, jumla shilingi 80,000, nikaziweka katika simu yangu.

Kisha chama kikanihamishia wilaya nyingine. Baada ya miezi mitatu nilipita pale, nikakuta mbuzi wanakula majani kiwanjani. Nikamwuliza kijana aliyekuwa nahodha, kwa nini hamkuendelea? Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, klabu ilikuwa yako. Ulipoondoka, tulijua imekwisha."

Zile fedha za jezi nilikuwa nimekwisha kuzigusa kwa shida za nyumbani. Nilizirudisha zote, lakini jambo lililoniuma si kuzirudisha. Katika muda wote ule, vijana 40, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza fedha zetu ziko wapi. Nilidhani nawafundisha umoja. Kumbe nilikuwa nawafundisha kwamba fedha za wengi hukaa mfukoni mwa mkubwa, na mdogo hana ruhusa ya kuuliza. Hilo ndilo somo ambalo wenye kutunyonya hutaka mtoto wa mfanyakazi alijue mapema.

Sasa tutazame wenzetu wa Nairobi. Huko Mathare, mahali pa vibanda vilivyobanana na takataka nyingi, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa jina la MYSA. Aliyekianzisha ni Bob Munro, mtu wa Kanada. Watu wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka timu ya Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994 na ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Mimi nakumbuka zaidi kanuni yao ya pointi.

Katika ligi yao, timu ikishinda mchezo inapata pointi 3, kama kawaida. Lakini timu ikifanya kazi ya usafi mtaani mwao, kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapata pointi 6 katika msimamo ule ule wa ligi. Fikirini hesabu hiyo. Timu yenye wachezaji hodari lakini wavivu wa ufagio haiwezi kuchukua kikombe. Na timu ya watoto wasiojua kupiga chenga bado ina njia ya kupanda juu. Mtoto wa miaka 12 anaelewa, bila hotuba ya mtu yeyote, kwamba kuwatumikia majirani kuna uzito kuliko kufunga bao.

Tena vijana wenyewe ndio huendesha ligi katika kanda zao. Mwenye kuwafundisha wadogo mpira, mwenye kuchezesha kama mwamuzi, mwenye kusimamia usafi, naye huhesabiwa pointi zake, na kwa pointi hizo anashindania msaada wa karo, ambao hulipwa shuleni kwake. Kwa hiyo uongozi pale ni kazi inayoandikwa kila wiki. Wasichana walianza kucheza katika chama hicho mwaka 1992, na hapo nitarudi.

Jambo hili si geni. Maskauti tangu mwaka 1908 wamekuwa wakigawa watoto katika vikosi vidogo vya watu sita hadi wanane, na mkuu wa kikosi ni mtoto mwenzao. (Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alizikwa Nyeri mwaka 1941, kwa hiyo naye tunaweza kumwita jirani.) Kenya ina klabu za 4K mashuleni tangu mwaka 1962, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambamo mtoto hupewa shamba dogo alilime mwenyewe. Njia ni mbalimbali, lakini ukizitazama vizuri utaona jambo moja: kazi imewekwa mikononi mwa kijana, naye akikosea, kosa linaonekana na yeye ndiye anayelirekebisha.

Mimi nilipata nafasi ya pili mwaka 2022. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Katika kambi niliyokuwa nikifanyia kazi, wavulana walikwisha kuzoea kibarua na pombe ya mifuko na chupa ndogo. Wasichana kadhaa walikuwa na watoto mgongoni. Shule zilipofunguliwa, wengine waliona haya kurudi kukaa dawati moja na wadogo zao. Wazazi waliniambia, ndugu, tuletee klabu. Nikasema nitasaidia, lakini safari hii mimi nitakaa nyuma.

Hivi ndivyo tulivyofanya, nanyi mchukue linalowafaa.

Tulianza na mkutano kabla ya mpira. Vijana 23 walichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa muda wa miezi minne tu, na mtu hawezi kushika kazi ile ile mara mbili mfululizo. Wazee walisema muda huo ni mfupi mno. Ni mfupi kweli, na mwenyekiti wa kwanza aliharibu. Alikuwa akiwakatiza wenzake na kucheka waliogugumia. Nilitaka kuingilia kati. Nikauma ulimi. Baada ya wiki tano msichana mmoja aliinua mkono akasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi sijamaliza." Kijana yule akanyamaza, akamwacha amalize. Kama ningalisema mimi, wangalijifunza kunitegemea mimi.

Katibu aliandika kumbukumbu za kila mkutano katika daftari la kawaida: tarehe, waliofika, lililoamuliwa, nani atalifanya, na lini. Mkutano uliofuata ulianza kwa kusomwa daftari hilo, na kila aliyetajwa alisimama kusema amefanya au hakufanya. Katibu wa pili alikuwa kijana aliyeacha shule darasa la tano, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita juu ya karatasi. Baada ya miezi minne ulisomeka.

Fedha tuliziweka katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mpango huu wengi wenu mnaujua katika vikundi vya akiba. Ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991 na ukaenea Afrika nzima. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, jumla inatajwa kwa sauti, na kila mmoja anatakiwa kuikumbuka mpaka mkutano ujao, hata asiyejua kusoma. Kabla ya sanduku kufunguliwa mwenyekiti anauliza, tuliacha ngapi? Wote wanajibu. Mimi mlezi sikupewa ufunguo hata mmoja. Niliomba hivyo, na niliwaeleza sababu, pamoja na habari za zile shilingi 80,000.

Mpira ulikuwapo, na kanuni ya Nairobi tuliiiga: pointi 3 za ushindi, pointi 6 za kufyeka njia ya kisimani au kusafisha vyoo vya laini. Sina mengi ya kusema hapo. Vyoo vilisafishwa.

Somo lililonishangaza ni la mizani. Wana wa wachumaji wa chai wanakua wakisikia habari za kilo kila jioni, lakini hawajawahi kushika mizani. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa mwenye duka. Vijana walipima kikapu kitupu, wakapima kikapu kilichojaa majani mabichi, wakatoa, wakaandika. Kisha walipima majani makavu na yenye umande waone maji yana uzito gani. Kijana wa miaka 14 akasimama akasema: "Kikapu hiki ni kilo moja kasoro kidogo. Mama yangu hukatwa kilo mbili kila akipima. Ile nyingine ni ya nani?"

Hapo inafaa tuwe waangalifu, ndugu zangu. Kuna mjumbe mmoja aliyetaka kijana yule apelekwe kwa meneja akaseme mbele yake. Nilikataa. Mtoto si ngao ya mkubwa. Klabu ilifanya kazi yake ya kujifunza hesabu; kudai haki ni kazi ya tawi. Tuliichukua hesabu ile sisi wenyewe, na baada ya miezi mitano na barua tatu, makato yakashuka. Si ushindi wa kuchinja ng'ombe, lakini kila mama katika laini aliuona katika tiketi yake.

Sasa nirudi kwa wasichana. Mwanzoni walifika wanne tu. Tulidhani hawapendi. Katibu aliwafuata nyumbani, akakuta kwamba saa kumi jioni, saa ya mkutano wetu, ndiyo saa ya kuteka maji na kupika. Mkutano ukahamishiwa Jumapili mchana, na ikaamuliwa wavulana nao wateke maji siku hiyo. Baadhi ya akina baba walinung'unika. Wasichana wakafika kumi na mmoja.

Hao ndio walioleta mchezo wa kuigiza ambao sitausahau. Tulikuwa na desturi ya kuigiza mazungumzo: mmoja anakuwa mwajiri, mmoja mjumbe, kisha wanabadilishana, ili kila mtu aone jambo kwa upande wa pili. Siku moja wasichana wakaomba waigize peke yao. Msichana mmoja alivaa koti la nyapara. Mwingine alikuwa kibarua mpya anayeomba mstari wenye majani mazuri. Nyapara akamwambia njoo uuchukue jioni, nyumbani kwangu. Watazamaji walicheka kidogo mwanzoni. Kisha akina mama wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukasikia kuku nje. Kibarua yule akasema kwa sauti, "Nitauchukua hapa hapa, saa mbili asubuhi, mbele ya karani." Wiki hiyo mama wawili walikuja ofisini kwa tawi kueleza mambo ambayo walikuwa wameyaficha kwa miaka. Miaka yote hiyo sisi wajumbe, wanaume watupu, tuliandika katika taarifa zetu kwamba hakuna malalamiko.

Na mwisho lilitufikia sisi. Katika mkutano wa tawi wa mwaka 2024, yule msichana aliyesema "sijamaliza" alikuwa amekwisha kutimiza miaka 19, ameajiriwa kiwandani, na kadi ya chama anayo. Alikuwa pia amepitia kazi ya mweka hazina wa klabu. Mwenyekiti wa tawi alipouliza kama kuna mengineyo, akasimama akasema: "Mzee mwenyekiti, shikamoo. Naomba kusomewa fedha za ada. Mkutano uliopita tuliacha ngapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hesabu ya tawi haikuwa imesomwa kwa muda wa miaka miwili. Mzee mmoja akamwambia, binti, hayo ni mambo ya viongozi. Nilitazamwa mimi, kwa kuwa walijua nani aliilea ile klabu. Nilisimama nikasema dada huyu ana haki, na mimi pia nataka kujua. Ilichukua wiki sita kuandika hesabu upya. Upungufu ulikuwapo, si mkubwa, na mweka hazina anaulipa kidogo kidogo. Wazee wawili bado hawanisalimii vizuri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

Vijana wa kambi yenu wangapi wamepata kuongoza mkutano, hata wa timu ya mpira? Mlezi akihamishwa kesho, nani anajua fedha zilipo na kiasi chake? Mikutano yenu hufanyika saa ngapi, na saa hiyo wasichana wako wapi? Kikapu kitupu katika shamba lenu kina uzito gani, na makato ni kilo ngapi? Na hesabu ya ada za tawi ilisomwa mara ya mwisho tarehe gani?

Katibu wa tawi aandike majibu, ayasome kwa sauti mbele ya wote, kisha ayatume wilayani kabla ya mkutano ujao wa wajumbe.