Maswali na Majibu: Programu ya Stopwochi Bila Kiolesura cha Michoro

Marudio ya Kidato cha Nne, Kisii na Nyamira. Somo: Kompyuta. Lugha ya programu: Visual Basic. Jumla: alama 20.

1. Fafanua istilahi zifuatazo. (alama 2)

(a) Kiolesura cha michoro: sehemu ya programu inayopokea maagizo ya mtumiaji kupitia madirisha, vitufe na kipanya.
(b) Kiolesura cha maandishi: sehemu ya programu inayopokea maagizo kupitia kibodi na kutoa matokeo kwa maandishi pekee.

2. Tofautisha programu ya matukio na programu ya mfuatano. (alama 2)

Programu ya matukio husubiri tendo, kama kubofya kitufe, ndipo itekeleze utaratibu husika. Programu ya mfuatano hutekeleza maagizo moja baada ya jingine kuanzia Sub Main. Zingatia: anayeeleza upande mmoja tu hajatofautisha.

3. Stopwochi yenye fomu inageuzwa kuwa ya maandishi. Taja kinachochukua nafasi ya kila kijenzi. (alama 4)

(i) Fomu: Sub Main.
(ii) Vitufe vya Anza na Simamisha: Console.ReadLine.
(iii) Lebo ya muda: Console.WriteLine.
(iv) Timer inayoonyesha muda ukisonga: kitanzi kinachokagua Console.KeyAvailable.

Zingatia: ReadLine husimamisha programu hadi Enter ibonyezwe. KeyAvailable hukagua kibodi bila kusimamisha programu. Muda unaosonga kwenye skrini huhitaji KeyAvailable.

4. Taja sehemu isiyobadilika, na ueleze sababu. (alama 2)

Ni mantiki ya kukokotoa muda. Muda uliopita ni usomaji wa mwisho kutoa usomaji wa mwanzo, na hesabu hiyo haitegemei kiolesura. Kwa hiyo mantiki na kiolesura huandikwa katika taratibu tofauti.

5. Mtahiniwa aliongeza 1 kwenye kigeu kila Timer yenye Interval ya 1000 ilipotoa tukio. Eleza kasoro mbili. (alama 2)

(i) Tukio huchelewa kompyuta ikiwa na shughuli nyingi, na ucheleweshaji hujilimbikiza.
(ii) Sehemu za sekunde hupotea.

Zingatia: Timer huonyesha muda, haipimi muda. Kipimo hufanywa na darasa la Stopwatch.

6. Andika algorithimu ya stopwochi ya maandishi. (alama 4)

(i) Chapisha "Bonyeza Enter kuanza", kisha soma kibodi.
(ii) Anzisha Stopwatch.
(iii) Chapisha "Bonyeza Enter kusimamisha", kisha soma kibodi.
(iv) Simamisha Stopwatch, kisha kokotoa na uchapishe muda.

Zingatia: simamisha kwanza, chapisha baadaye. Kuchapisha pia huchukua muda.

7. Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii, alikimbia mita 10,000 kwa 26:58.38 mjini Oslo mwaka 1993, akiwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Naftali Temu, wa jamii ya Abagusii, alitwaa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki mwaka 1968 kwa 29:27.4 katika umbali huo huo.

(a) Geuza kila muda kuwa sekunde. (alama 2)
Ondieki: 26 × 60 + 58.38 = 1,618.38.
Temu: 29 × 60 + 27.4 = 1,767.4.

(b) Kokotoa tofauti, na uionyeshe kwa dakika na sekunde. (alama 2)
1,767.4 − 1,618.38 = sekunde 149.02.
Dakika: Int(149.02 / 60) = 2.
Sekunde: 149.02 − 2 × 60 = 29.02.
Jibu: 02:29.02.

Zingatia: Int hukata desimali. Alama ya \ hukadiria desimali hadi nambari nzima kabla ya kugawa, kwa hiyo sekunde 119.6 zitasomeka dakika 2 badala ya 1.

Agizo kwa mtahiniwa: jaribu hesabu ya dakika katika programu yako kwa sekunde 59.9, 60 na 119.6. Ikikosea moja, irekebishe kabla ya kuiwasilisha.