Kubana si Kufupisha: Istilahi Moja ya Data za Ndege za Majaribio

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea swali la ufupisho katika mtihani huenda akadhani kwamba mhandisi apunguzaye ukubwa wa data hufanya kazi iyo hiyo. La hasha. Afupishaye huacha, abanaye bila kupoteza huweza kurejesha kila kilichokuwapo, hadi biti ya mwisho. Istilahi zetu zikichanganya mambo haya mawili, mfasiri wa mwongozo wa kiufundi atapotosha jambo linalohusu uhai wa watu.

Tuchukue ndege ya majaribio, mathalani Airbus A380 iliyoruka mara ya kwanza mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2005. Ndege za namna hii hutandazwa vihisi vya joto, shinikizo na mtetemo, na vipimo hupelekwa kwa redio kwa wahandisi walio ardhini ndege ingali angani. Njia ya redio ni finyu. Hata hivyo, mtetemo mdogo wa bawa, wa chini ya sekunde moja, huenda ukawa dalili ya mpapatiko uwezao kulivunja. Anayeufuta kwa kuudhania kelele tu amefuta onyo lenyewe.

Siri ya ubanaji ni utabirikaji. Kihisi kikisoma 512, 513, 513, 514, 514, 515, kwa biti 12 kila kipimo, jumla ni biti 72. Tukituma 512 nzima, kisha tofauti tu (1, 0, 1, 0, 1) kwa biti 2 kila moja, jumla ni 22. Biti mbili hutoa misimbo minne: mitatu ni ya kushuka kwa moja, kutobadilika na kupanda kwa moja, wa nne hutangaza mruko wa ghafla, na hapo kipimo kizima hutumwa. Robert Rice wa maabara ya JPL, Marekani, alibuni mbinu ya jamii hii katika miaka ya 1970, nayo ikawa msingi wa kiwango cha kimataifa cha data za vyombo vya angani cha mwaka 1997.

Sarufi yetu inalijua jambo hili. Katika "kitabu kile kikubwa kimepotea", ki- ya kwanza ikishatajwa, tatu zifuatazo hutabirika kwa upatanisho. Lakini tukizidondosha, kisha nomino yenyewe isisikike, hatuna pa kuzirejeshea. Redio nayo ni hivyo: kipimo cha kwanza kikipotea, tofauti zote hukosa maana. Ndiyo maana data hukatwa vifungu vifupi, kila kimoja kikianza na kipimo kizima.

Napendekeza basi "ubanaji usiopoteza", wala si "ufupishaji wa data". Wapo watakaopendelea "mgandamizo". Neno hilo naona linaifaa zaidi hewa ndani ya injini, na halituambii iwapo kilichogandamizwa hurejea kilivyokuwa.