SOMO LA KIKUNDI: Kazi Zako za Kwanza Zilikufundisha Nini?

Someni: 1 Samweli 17:32-37

Wengi wetu tulianza na vibarua: kuchunga ng'ombe, kuchuma chai, kuosha vyombo hotelini. Wengine huona haya kuvitaja. Husema, "Hiyo haikuwa kazi, nilikuwa nahangaika tu."

Daudi hakuona haya. Sauli alipomwambia hawezi kupigana na Goliathi, alijibu kwa kutaja kazi yake ya kuchunga kondoo, na vile alivyopambana na simba na dubu. Kibarua chake ndicho kilikuwa ushahidi wake.

Hapa kwetu, Tom Mboya alianza kama mkaguzi wa afya jijini Nairobi. Huko aliona Waafrika wakilipwa kidogo kuliko Wazungu kwa kazi ile ile. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Fanyeni hivi:

1. Kila mmoja ataje kazi zake tatu za kwanza.
2. Aseme kila moja ilimfundisha nini: kuamka mapema? Kutunza pesa za mwenyewe? Kuvumilia wateja wakali?
3. Nani kati yenu ana ujuzi ambao kikundi hakijautumia?

Vijana, angalieni: Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ukiondoka, kama umefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Usitoke bila hiyo karatasi.

Zungumzeni: Mzee akimwambia kijana, "Mjengo si kazi," anamjenga au anambomoa?