Kidole Tumbo Kuondolewa Katika Upasuaji Mwingine: Mambo Yanayompasa Mgonjwa Kuyajua

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi, wa ngiri au wa uvimbe wa kizazi aghalabu huulizwa na jamaa zake: je, kidole tumbo nacho kimeondolewa? Swali hili lina uzito, kwa maana jibu lake laweza kuhitajika miaka mingi baadaye.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Kikiziba huvimba, na matibabu yakichelewa huweza kupasuka na kueneza usaha tumboni. Maradhi haya huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 10 hadi 30.

Upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kukiondoa ulifanyika London mwaka 1735. Daktari Claudius Amyand alikuwa akimpasua ngiri mvulana wa miaka 11, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Alikiondoa, na mtoto akapona.

Kidole tumbo hicho kilikuwa kimeharibika. Je, kilicho kizima nacho kiondolewe? Wanaounga mkono husema kwamba tumbo limekwisha kufunguliwa, hivyo mgonjwa huepushwa na upasuaji wa pili. Wanaopinga hueleza kuwa kuukata utumbo kwaweza kuingiza vijidudu mahali palipokuwa safi, na kwamba hatari ya maradhi hayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Zaidi ya hayo, kiungo hiki chaweza kufaa: mwaka 1980 daktari Mfaransa, Paul Mitrofanoff, alieleza namna ya kukitumia kutengeneza njia ya mkojo kwa watoto wenye matatizo ya kibofu. Kwa hiyo madaktari wengi hawaondoi kidole tumbo kizima pasipo sababu mahususi.

Mwananchi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, muulize daktari iwapo kuna kiungo kingine kinachoweza kuondolewa, na kwa sababu gani. Una haki ya kukubali au kukataa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye aulize.

2. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, omba maelezo ya maandishi ya kilichofanyika, kisha uyatunze pamoja na nyaraka zako muhimu.

3. Usitegemee kovu. Kovu huonesha mahali palipopasuliwa, wala halithibitishi kilichoondolewa.

Maumivu yakianzia karibu na kitovu na kuhamia chini upande wa kulia, yakiambatana na kichefuchefu, kutapika, homa au kukosa hamu ya kula, fika kituo cha kutolea huduma za afya bila kukawia, wala usinywe dawa ya kuharisha. Fanya hivyo hata kama uliwahi kupasuliwa tumbo. Ukiwa na karatasi ya upasuaji wa awali, ichukue; usipoiona, usichelewe kwa kuitafuta.