Kabla Hujahamia Mbagala au Bunju

Mgeni anayekuja Dar es Salaam kutoka Mwanza au Mbeya, mwenyeji wake akamwambia "mimi naishi Mbezi", asikate simu bado. Aulize: Mbezi ipi? Basi la mkoani litamshusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, wilaya ya Ubungo. Kama mwenyeji yuko Mbezi Beach, huyo ni mtu wa Kinondoni, upande wa bahari, Barabara ya Bagamoyo, na kati ya Mbezi hizo mbili kuna Goba yote ya kuvuka. Kongowe nazo ni mbili. Moja iko Barabara ya Kilwa, ukishaipita Mbagala. Ya pili iko Kibaha, mkoa wa Pwani, na kurudi kutoka huko usiku ukiwa na mizigo ni adhabu.

Majina ya wilaya nayo yana mtego wake. Kinondoni ni kata iliyo jirani na Magomeni na Mwananyamala, lakini ni wilaya pia, na wilaya hiyo inakwenda hadi Mto Mpiji, mpakani na Bagamoyo, ikibeba Tegeta, Boko, Bunju na Mabwepande. Temeke ni kata iliyo karibu na Tandika, na ni wilaya inayofika Chamazi na Mbande, mpakani na Mkuranga. Zamani wilaya hizo zilikuwa kubwa zaidi. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Ndiyo maana karatasi ya zamani ya nyumba ya Kimara inasoma Kinondoni wakati mwenye nyumba siku hizi anahudumiwa Ubungo. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo usidhani moja kwa moja kuwa ni ya kughushi, ila uliza ofisi ipi inashika faili lake sasa.

Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Miaka kumi kabla walikuwa 4,364,541. Hao milioni moja walioongezeka hawangeweza kuenea Kariakoo wala Upanga. Walifuata viwanja na vyumba vya bei nafuu huko mwisho wa lami. Makala haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yako wewe unayefungasha vyombo wiki ijayo.

Shika kwanza barabara kuu nne. Bagamoyo inapanda kaskazini: Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju. Morogoro inakwenda magharibi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi Luis. Nyerere inapita uwanja wa ndege na kuendelea Gongo la Mboto na Pugu. Kilwa inashuka kusini: Mtoni, Mbagala, Kongowe. Zote zinaanzia mjini na kutawanyika, na kadiri zinavyosonga mbele ndivyo zinavyoachana. Anayetoka Tegeta kwenda Mbagala hana njia ya mkato. Atashuka hadi Mwenge, ashike Sam Nujoma hadi Ubungo, kisha Mandela kupitia Tazara hadi aikute Kilwa. Ramani ya simu itamwonyesha kilomita chache, lakini zitamla saa nyingi.

Kwa hiyo, kama kazi yako iko Chang'ombe, chumba cha Mbagala na cha Bunju cha bei ileile si vyumba sawa. Panga kwenye barabara ya kazi yako. Na kabla ya kulipa kodi, fanya jaribio ambalo watu wengi hawalifanyi: lala kwa rafiki wa eneo hilo Jumapili, uamke Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, uende kazini kama vile tayari unaishi pale. Hesabu bodaboda au bajaji ya kukutoa ndani hadi barabarani, hesabu muda wa kugombea daladala kituoni, hesabu nauli ya kuunganisha. Kwenye Barabara ya Morogoro kuna mwendokasi tangu Mei 2016, na Kilwa nayo imejengewa njia zake hadi Mbagala. Sehemu nyingine daladala ndiyo nguzo. Soma ubavuni imeandikwa wapi hadi wapi, kisha muulize konda inapitia wapi, kwa sababu gari mbili zinazoishia Kariakoo zinaweza kufuata njia tofauti kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila anayehamia alisikie mapema. Ukiwa ndani ya gari, Dar es Salaam inaonekana tambarare. Shuka utembee. Katikati ya barabara hizo kuu kuna mabonde, na kila bonde lina mto wake. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unaingia Jangwani na kumwaga baharini pale Selander. Kinondoni ina Mto Mbezi, Mto Tegeta, Nyakasangwe na Mpiji. Temeke ina Kizinga na Mzinga, inayoishia kwenye mkono wa bahari wa Mtoni, nyuma ya bandari. Miezi mingi ya mwaka baadhi ya mito hii ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Masika ya Machi hadi Mei ikishika, na vuli ya Oktoba hadi Desemba mwaka ikiwa kali, mto unarudi kudai njia yake.

Desemba 2011 ulirudi kwa nguvu. Mvua ilinyesha siku chache, bonde la Msimbazi likajaa, watu zaidi ya 40 wakafa na maelfu wakabaki bila makazi. Serikali ikawapa wengi wao viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni, mbali na masoko na vibarua walivyovizoea. Wapo waliobaki huko na kujenga maisha, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Siwalaumu. Lakini yule anayenunua leo, kwa hela yake mwenyewe, akiwa na nafasi ya kuchagua, anastahili kuelezwa.

Kiwanja kinachoonyeshwa Septemba ni kikavu. Dalali anakijua hivyo, na muuzaji anakijua hivyo. Wewe tazama kuta za majirani: maji yakishasimama ndani ya mtaa huacha mstari wa rangi ya udongo, na mstari huo haufutiki kwa chokaa ya mara moja. Tazama milango. Ukiona vizingiti vya tofali vilivyonyanyuliwa hadi magotini, au viroba vya mchanga vimepangwa kando ya ukuta, hapo watu wanapigana na maji kila mwaka. Matete yakiota ndani ya kiwanja, ardhi hiyo haikauki chini. Sikiliza hata majina: Bondeni, Mtoni, Kisiwani, Majimatitu. Wazee waliyaita hivyo kwa sababu.

Kisha acha dalali kwenye gari, uende kwenye genge la karibu, ununue nyanya, usalimie vizuri, uulize: "Samahani mama, masika maji yanafika wapi hapa?" Ukijibiwa "hapa baba tunapandisha vitanda juu ya matofali", umepata upekuzi ambao hakuna ofisi ingekupa. Waulize na watoto njia gani wanapita kwenda shule mvua ikinyesha. Mtoto hana kamisheni.

Kuna mafuriko ya aina ya pili ambayo hayana mto. Boko Basihaya ni mfano unaojulikana: ardhi imekaa kama bakuli, maji ya mvua yakiingia hayana pa kutokea, na nyumba zinaweza kubaki zimezungukwa na maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Hapo msingi mrefu unaokoa sebule yako ila haukuokoi na choo. Shimo likijaa maji kutoka chini, uchafu unapanda juu na kusambaa mtaa mzima, na kipindupindu hufuata njia hiyohiyo. Na aina ya tatu ni kingo kumeguka. Mchanga unachimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, mto unapanuka, na nyumba iliyojengwa mbali na maji inajikuta ukingoni. Usipime umbali wa leo tu; uliza ukingo ulikuwa wapi miaka mitano iliyopita.

Sheria iko upande wa tahadhari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, na nyumba zilizo ndani ya eneo hilo ndizo zilizopigwa X nyekundu bondeni Msimbazi mwishoni mwa 2015, nyingine zikabomolewa. Barabara nazo zina hifadhi yake: mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kati ya Kimara na Kibaha ili kupanua Barabara ya Morogoro. Ukitaka kununua karibu na barabara kuu, waulize wahusika wa barabara mpaka wa hifadhi uko wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Kuhusu karatasi, nitasema machache yenye uzito. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanaweza kushuhudia mauziano yenu na kuwatambua majirani wa mipaka, lakini saini yao haigeuzi shamba kuwa kiwanja kilichopimwa. Kama muuzaji ana hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona jina ni lake na kama haina rehani benki. Kama hana, uliza kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, na kama nyumba ina leseni ya makazi, ambayo kisheria ni ya muda, isiyozidi miaka mitano, na hupaswa kuhuishwa. Mke au mume wa muuzaji awepo na asaini. Kesi nyingi za ardhi zinaanzia kwa mwenza aliyefichwa.

Ukishapata pa kukaa, swali la kila siku ni maji. Mitambo mikubwa ya Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, iko Mto Ruvu: Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Bomba la Ruvu Chini linakuja na Barabara ya Bagamoyo hadi matangi ya Chuo Kikuu, la Ruvu Juu linapitia Kibaha hadi Kimara. Temeke iko mwisho wa safari hiyo, na ndiyo sababu watu wa Mbagala na Chamazi wamezoea visima. Ruvu ikipungua, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022, mgao unamgusa kila mtu. Muulize mwenye nyumba maji yanatoka siku gani na yanakaa saa ngapi, kuna tangi la lita ngapi, na dumu la lita 20 la muuza maji linauzwaje pale wakati wa shida. Maji ya kisima yaonje. Karibu na pwani mengi yana chumvi, yanafaa kufulia kuliko kunywa. Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka shimo la choo, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanang'aa.

Umeme ni rahisi kidogo. Uliza kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia wapangaji wote, maana mita moja kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki. Kumbuka kuwa kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Kubalianeni mapema kama atairudisha kwenye kodi ya pango, na muandike kwenye mkataba, pamoja na idadi ya miezi unayolipa mbele.

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa, hata kama huna shida yoyote. Jitambulishe, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Siku utakapohitaji kufungua akaunti, kufuatilia kitambulisho cha NIDA au kumdhamini ndugu polisi, utatakiwa barua ya utambulisho, na mtendaji hawezi kuandika barua ya mtu asiyemfahamu. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Balozi wa shina ni kiongozi wa chama cha siasa, kwa hiyo huduma ya serikali haipaswi kusubiri ruhusa yake, ingawa kwa kuwajua watu wa mtaa mara nyingi hakuna anayemshinda. Nakili pia namba iliyo kwenye kibao cha nyumba na postikodi ya kata. Za Kinondoni huanza na 14, za Temeke na 15. Ukichangia ulinzi shirikishi na kuhudhuria msiba wa jirani, hata wa saa moja, mtaa utakujua haraka kuliko barua yoyote.

Na kama unasoma haya ukiwa tayari umehamia bondeni na Machi inakaribia, fanya yafuatayo wikendi hii. Vyeti, hati na kadi za kliniki zitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uzitundike juu au uzipeleke kwa ndugu aliye kilimani. Wanao waonyeshe swichi kuu ilipo, wajue kuizima kabla maji hayajafika kwenye soketi, na wasiiguse kabisa wakiwa wamesimama majini. Kubalianeni na jirani wa juu kwamba usiku wa mvua kubwa watoto watalala kwake. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi 112. Ziandikwe ukutani kwa kalamu nene. Mtaro ulio mbele ya nyumba zibueni pamoja, mtaa mzima, siku moja, kwa sababu ukizibua kipande chako peke yako maji yatasimama kwa anayefuata na kurudi kwako.

Daraja likifunikwa, lala upande uliopo.