Simu hailali, na mume yuko ziwani

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Rumonge. Nauza mawese na ndagala kavu. Mume wangu ni mvuvi, hutoka na taa jioni na kurudi alfajiri. Tangu nimenunua simu ya kugusa, sina raha. Namba yangu nimeiandika kwenye mlango wa duka na kwenye bidoni zote za mawese ili wateja wanipate. Sasa wanaonipata ni wengine kabisa.

Kuna simu zinazolia mara moja na kukatika, za namba ndefu ambazo sijui ni za nchi gani. Kuna sauti ya mashine inayonihimiza kununua nyimbo. Na kuna kijana anayeongea Kirundi kizuri, ananiita mama, anasema anatoka kampuni ya simu na akaunti yangu itafungwa nisipomsomea tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe. Siku ile nilikuwa nimeshaanza kuzisoma, mtoto wangu mkubwa akanipokonya simu.

Zinalia hata saa saba za usiku. Nikaanza kuizima simu nikilala. Juzi mashine ya mtumbwi ikamfia mume wangu upande wa Minago. Akanipigia kwa simu ya mwenzake ili nimwamshe shemeji amfuate. Simu imezimwa. Wamepiga kasia mpaka mchana. Amerudi na njaa na hasira, akasema niitupe hiyo laini. Tena ameniuliza ni wanaume gani hao wanaonitafuta usiku.

Nikiitupa laini nawapoteza wateja wa Uvira na Kigoma. Nikiacha kupokea namba nisizozijua, nusu ya wateja wangu ni namba nisizozijua. Nifanye nini?

Mama wa mawese, Rumonge

*

Mwanangu,

Pole kwa usiku ule, na mpe pole mumeo. Laini usiitupe. Hiyo namba imebeba wateja, WhatsApp na pesa zako, na laini iliyoachwa haifi: baada ya muda kampuni humuuzia mtu mwingine. Huyo ndiye atakayepokea ujumbe wa siri uliokusudiwa wewe, na wateja wako watakuwa wanamuuliza bei ya mawese. Na wewe ukiandika namba mpya kwenye mlango uleule, kabla ya masika kuisha itakuwa mikononi mwa watu walewale.

Utasikia wengi wakikushauri uifunge simu isipokee mtu asiyekuwemo kwenye orodha yako. Ushauri huo unamfaa mwenye mshahara. Wewe unakula kwa wageni. Mtu wa Baraka aliyeona bidoni yako kwa jirani yake ndiye faida ya mwezi. Kwa hiyo tutatenganisha mambo mawili ambayo sasa yamelala kwenye laini moja: duka na nyumba. Duka lipokee wageni mchana, kwa masharti. Nyumba iwe na namba yake, ambayo haiandikwi popote.

Tuanze na usiku, kwa sababu usiku una mtu majini. Leo hii, kabla hujanunua chochote, fungua mipangilio ya simu utafute sehemu ya kutosumbuliwa. Kama simu yako inaongea Kifaransa, kama nyingi za hapa, utaona imeandikwa Ne pas déranger. Ipange ijiwashe yenyewe, tuseme kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ndani yake kuna ruhusa mbili za kuweka. Ya kwanza ni ya namba ulizozitia nyota kwenye orodha yako: mtie nyota mumeo, kila mwenzake wa mtumbwini, mwenye mashine, shemeji. Hao watalia hata simu nzima ikiwa kimya. Ya pili ni ya anayerudia: kwenye Android, mtu yuleyule akipiga tena ndani ya dakika kumi na tano, simu ya pili inaita. Kwa hiyo mumeo akikwama na kuazima simu ya mvuvi usiyemjua, apige mara mbili mfululizo kwa simu hiyohiyo. Mwambie leo, kabla hajapanda mtumbwi, na mwambie aikariri namba yako kichwani. Simu yake ikilowa maji, orodha aliyoihifadhi humo haitamsaidia.

Halafu, kabla ya wiki kwisha, nenda kwenye duka la kampuni na kitambulisho chako ukasajili laini ya pili kwa jina lako mwenyewe. Simu nyingi za sokoni, ziwe Tecno, itel au Samsung, zina nafasi ya laini mbili. Wengine wangeifanya laini mpya kuwa ya duka. Wewe fanya kinyume chake, kwa sababu ile ya zamani imeshatapakaa ziwa zima na hakuna wa kuirudisha. Iache iwe ya duka. Laini mpya iwe ya mume, watoto wakikua, ndugu, na akiba yako ya Lumicash au EcoCash. Mteja akilipa kwenye namba ya zamani, jioni hamisha au toa pesa ile, isilale humo. Kuna ada kidogo ya kuhamisha, naijua. Ihesabu kama kodi ya kibanda. Tapeli akiishambulia namba iliyoandikwa mlangoni, akute haina kitu. Na usiku, kwenye mipangilio ya laini, unaizima laini ya duka peke yake, simu ikibaki hai kwa ajili ya mumeo, ambaye hapo inabidi aikariri namba mpya.

Sasa tuwaangalie hao wanaopiga, maana kila aina ina dawa yake.

Mlio mmoja unaokatika: huo unatuvizia kwenye desturi yetu. Sisi tumekua tukibipu. Mlio mmoja maana yake ni "nimefika", "nipigie, sina uniti". Matapeli wa kimataifa wanapiga maelfu ya namba kwa mashine, wanakata, wanangoja mwenye huruma apige tena. Ukipiga, dakika za nchi ya mbali zinakula uniti zako, na sehemu ya malipo hayo inarudi kwao kupitia njia za simu walizozipanga. Usidhani wanaoteswa ni sisi tu. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, Bundesnetzagentur, iliyalazimisha makampuni ya simu kumtangazia mteja bei bila malipo kabla ya kumuunganisha na namba za nchi kadhaa zilizokuwa zikitumiwa kwa mchezo huu. Burundi ilikuwamo kwenye orodha hiyo. Yaani kuna Mjerumani aliyeamshwa na namba ya kwetu, 257, kama wewe ulivyoamshwa na namba za kwingine, naye akajiuliza nani anamtafuta.

Dawa yake ni kujua tarakimu za mwanzo. Ziwa letu lina nchi nne: Burundi ni 257, Kongo 243, Tanzania 255, Zambia 260. Mteja wako wa mawese yumo humo. Ongeza na ndugu walio mbali, kama yupo aliye Oman au Ubelgiji, uwahifadhi kwa majina. Namba yoyote inayoanza na kitu kingine, ikilia mara moja, iache. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au ataandika. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuzuia namba zote zinazoanza na tarakimu fulani. Mwambie mwanao mkubwa akutafutie kama yako inayo.

Sauti ya mashine na nyimbo: hizo mara nyingi ni biashara halali inayokera. Siku ile ile unapokwenda kusajili laini, waombe wakutoe kwenye matangazo na wakague kama umeandikishwa huduma yoyote inayokukata uniti kila siku bila wewe kujua. Simama pale mpaka wakuoneshe kwamba imefutwa.

Kijana wa Kirundi kizuri: huyu ndiye hatari, na mwanao amestahili zawadi. Tarakimu zile sita, mara nyingi, ni ufunguo wa WhatsApp yako. Angezipata, angeingia kwa jina lako na kuwaandikia wateja wako wa Uvira watume pesa za mzigo. Wengine hutaka namba ya siri ya pesa. Wengine hukutumia ujumbe wa uongo kwamba umeingiziwa faranga kwa makosa, kisha wanalia uwarudishie. Wengine wanakuomba ubonyeze namba zenye nyota na alama ya reli, na ukibonyeza, simu zako zinaanza kwenda kwao. Mbinu ni nyingi na zitaongezeka, kwa hiyo usihangaike kuzikariri. Shika kanuni moja: katika simu ambayo hukuianzisha wewe, hakuna kutaja tarakimu, hakuna kubonyeza kitu, hakuna kutuma pesa. Hata akijua jina lako na la mama yako. Kata, kisha nenda mwenyewe kwa kampuni au upige namba yao unayoijua. Kama ni pesa iliyokosewa njia, angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, wala usitazame ujumbe. Ikiwa imeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni wairudishe wao.

Kwa yaliyokwisha kupita, fanya mambo mawili. Piga ##002#, hiyo hufuta maelekezo yoyote ya kuhamishia simu zako kwingine. Kisha kwenye WhatsApp, katika mipangilio ya akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri unayoijua wewe peke yako. Hapo hata mtu akizipata zile tarakimu sita, anabaki nje.

Namba ya huyo kijana uizuie na uiripoti kwa kugusa Bloquer, lakini usidhani umemmaliza. Ana laini nyingine mfukoni. Faida ya kuripoti ni kwamba simu za wengine zinaweza kuonywa. Ukiwa umeshapoteza pesa, usione haya: peleka picha ya ujumbe, namba, siku na saa kwa kampuni, kisha polisi. Burundi ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni tangu Machi 2022. Na kama una laini ya Tanzania kwa ajili ya wateja wa Kigoma, ujumbe wa kitapeli ulioingia huko uupeleke kwenye 15040, namba iliyowekwa na mamlaka yao ya mawasiliano, TCRA.

Wenzako sokoni watakwambia uweke Truecaller, inayokuonesha jina la anayepiga. Inasaidia, ila inahitaji intaneti, na majina yake yanatokana na jinsi watu walivyoandikana kwenye simu zao. Tapeli naye anaweza kujiandika jina la kampuni. Na ukiiruhusu isome orodha yako, huenda ukawa umetoa namba za wateja wako bila kuwauliza. Mimi ningejaribu kwanza ukaguzi wa simu yenyewe: kwenye sehemu ya kupigia, katika mipangilio, washa utambuzi wa simu za usumbufu. Ujue tu kwamba pale panapoandikwa kuzuia wasiojulikana, simu nyingi za Android huzuia waliozificha namba zao, wala si kila mtu ambaye hujamhifadhi. Kwa biashara yako, hilo liwashe bila hofu.

Wamebaki wateja wa mchana. Mgeni wa kwetu hapigi tu mlango akaingia. Hubisha hodi, akasema ni nani. Simu yako nayo idai hodi. Kwenye WhatsApp, katika faragha, upande wa simu, washa kunyamazisha wasiojulikana. Watakaopiga hawataita, lakini utawaona kwenye orodha, na ujumbe wao utaingia kama kawaida. Kisha fundi wa rangi aongeze maneno chini ya namba mlangoni: "Andika kwanza: jina, mji, bidoni ngapi." Mnunuzi wa kweli anajua anataka bidoni ngapi. Mashine ya kupigia watu haijui. Asiyejua kuandika atume ujumbe wa sauti, nawe utasikia kama Kiswahili chake ni cha Uvira au cha Ujiji kabla hujampa bei.

Nimalizie na swali la mumeo, ambalo nadhani ndilo limekuumiza zaidi. Usilijibu kwa ugomvi, na usimkabidhi simu kama mshtakiwa anayekabidhi silaha. Mtu aliyepiga kasia tangu usiku mpaka mchana, akimpigia mkewe asipatikane, ameogopa. Wivu ulikuja baada ya hofu. Mwambie kwanza kwamba ulipoizima simu hukumfikiria aliye majini, na kwamba haitazimwa tena. Halafu, akishakula, kaeni pamoja mfungue orodha ya simu zilizoingia. Mwoneshe tarakimu za mwanzo. Mwoneshe zile za sekunde sifuri. Mwache yeye mwenyewe achague ni nani wa mtumbwini atiwe nyota, na aijaribu jioni ile ile kabla ya kuondoka, wewe ukiwa umeiwasha ile sehemu ya kutosumbuliwa kwa mkono: apige mara moja kwa simu ya jirani, isiite, apige ya pili, iite. Akiisikia kwa masikio yake hutahitaji kujitetea.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Simu hazitakwisha zote, ila zitakazobaki zitakukuta mchana, dukani, kwenye laini isiyo na pesa. Zikizidi hapo, niandikie tena, na safari hii uniambie zinaanza na tarakimu gani.

Shangazi yako