Mwanga Mzuri Kwenye Simu ya Video: Mteja Akuone Kabla Hajatuma Pesa

Je, unauza viatu, vitenge au nguo za mitumba kupitia simu? Basi wateja wa siku hizi unawajua. Kabla hajatuma pesa, anakwambia, "Hebu nipigie video nione." Ukitokea kama kivuli, atajiuliza anaongea na nani. Na kama nguo ya bluu iliyokolea imeonekana nyeusi, kesho atataka arudishiwe pesa zake.

Habari njema ni kwamba huhitaji simu mpya. Jaribu haya:

1. Elekea mwanga, usiupe mgongo
Kamera ya simu hujipimia mwanga yenyewe. Dirisha likiwa nyuma yako, simu huona mwanga ni mwingi, inaupunguza, na uso wako unabaki giza. Geuka tu. Kama uko kibandani, simama karibu na mlango ukiangalia nje.

2. Epuka jua la utosini
Kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huwa juu kabisa. Linaweka vivuli chini ya macho, na nguo nyeupe inang'aa hadi mishono haionekani. Ingia kivulini, uso ukiangalia upande ulio wazi. Lakini chunga turubai ya bluu: mwanga ukipita hapo, kila kitu kinageuka bluu, hata wewe.

3. Usiku, angalia balbu
Soma paketi ya balbu. 2700K ni mwanga wa manjano, 6500K ni mweupe. Kwa kuonyesha rangi, mweupe unasaidia zaidi. Usiwashe zote mbili pamoja. Taa ikiwa juu ya kichwa, rudi nyuma kidogo ili iwe mbele yako. Weka karatasi nyeupe ya manila mezani. Itarudisha mwanga usoni na kupunguza kivuli cha kidevu.

4. Pangusa kamera
Mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu. Tumia kitambaa laini na safi. Ukifika wakati wa kuonyesha bidhaa, geuza utumie kamera ya nyuma. Kwenye simu nyingi ndiyo bora.

Jipime kwa dakika moja
Fungua kamera kabla ya kupiga. Ukiona kinuru kidogo machoni mwako, umekaa vizuri. Kisha weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa. Ikiwa karatasi inaonekana ya manjano au bluu, rangi ya bidhaa pia imebadilika. Sogea, au mwambie mteja wazi rangi yenyewe ni gani.

Mkishakubaliana bei, subiri ujumbe wa malipo kwenye simu yako na uangalie salio kabla ya kufunga mzigo. Ujumbe anaokuonyesha mteja kwenye video, hata ukionekana vizuri namna gani, si malipo.